Ukuta, Choo cha Jirani na Barabara ya Mtaa

(Mada iliyotolewa kwenye kikao cha pamoja cha kamati za maendeleo za parokia na wawakilishi wa wafadhili, Dar es Salaam. Mtoa mada ni fundi sanifu mstaafu wa barabara na mjumbe wa kamati ya parokia yake.)



Katibu aliponipigia simu kuniomba nizungumzie barabara za jiji letu, nilidhani nimepewa mada nyepesi, maana kazi ya barabara nimeifanya miaka thelathini na miwili kabla ya kustaafu. Nilipokaa kuandika nikaona kwamba jambo ninalotaka kuwaeleza leo sikujifunza kazini. Nimejifunza parokiani, tena kwa aibu, kutokana na kosa tulilolifanya sisi wenyewe wajumbe wa kamati. Nitafika huko. Kwanza niseme kidogo juu ya jiji, ili tuelewane tunazungumzia nini.

Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu watu 2,487,288 katika mkoa wa Dar es Salaam. Sensa ya 2012 ikahesabu 4,364,541, na ile ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Katika miaka ishirini watu wameongezeka zaidi ya mara mbili. Ndugu zangu, watu hawa hawakwenda kupanga ghorofani Posta. Walikwenda Goba, Kinyerezi, Kivule, Chanika, Mbagala, Bunju. Walinunua kipande kwa mwenye shamba, wakapimiana kwa hatua za miguu, wakapanda minyaa mpakani na kuanza kufyatua matofali. Barabara ilikuwa ile nafasi iliyobaki baada ya kila mmoja kuchukua cha kwake. Mara nyingi haikubaki.

Tena jiji letu lina umbo lake. Wekeni kiganja cha mkono mezani na kutanua vidole. Kiganja ni Posta na Kariakoo. Vidole ni Barabara ya Bagamoyo, ya Morogoro, ya Nyerere ambayo wazee bado tunaiita Pugu, na ya Kilwa. Anayetaka kutoka kidole kimoja kwenda cha pili alilazimika kurudi kiganjani, au kufuata njia moja ndefu ya kukatiza, yaani Barabara ya Mandela inayotoka bandarini na kuungana na Sam Nujoma hadi Mwenge. Ndiyo maana foleni kubwa tulizozijua zilikuwa TAZARA na Ubungo. Pale ndipo njia ya kukatiza inapokutana na vidole.

Si haki kusema hakuna kilichofanyika. Mabasi yaendayo haraka yalianza mwezi Mei 2016 katika Barabara ya Morogoro. Daraja la juu la TAZARA, lenye jina la Mfugale, lilifunguliwa Septemba 2018. Makutano ya ngazi tatu ya Ubungo, yenye jina la Kijazi, yalifunguliwa Februari 2021, na Daraja la Tanzanite likafuata 2022. Aliyewahi kukaa saa mbili pale Ubungo anajua tofauti yake. Lakini ukiniuliza mimi ni kazi zipi zilizobadilisha zaidi maisha ya mtu wa kawaida, nitakutajia zile ambazo hazikupata sherehe kubwa. Nitakutajia Tangi Bovu hadi Goba hadi Mbezi. Nitakutajia Mbezi, Malambamawili hadi Kinyerezi, na Kimara Baruti hadi Msewe. Hizi ni barabara za kutoka kidole hadi kidole. Mwalimu anayeishi Goba na kufundisha Mbezi hahitaji tena kuzungukia Ubungo.

Mfano unaojulikana na kila mtu ni Kigamboni. Kwa miaka mingi mtu mwenye gari alisubiri pantoni au akazunguka Kongowe, ilhali maji yanayotenganisha pande mbili ni membamba kiasi kwamba unaona nguo zilizoanikwa ng'ambo. Daraja lililojengwa na Serikali pamoja na NSSF na kufunguliwa Aprili 2016 lina urefu wa mita 680. Angalieni lakini jambo moja. Daraja limewekwa Kurasini, na watembea kwa miguu wanaokwenda sokoni Feri au Posta wameendelea kupanda pantoni, kwa sababu kwa mtu wa miguu daraja lile liko mbali. Simlaumu mhandisi, maana meli lazima zipite. Nataka tu tukumbuke kwamba njia inayomuunganisha mwenye gari inaweza isimuunganishe anayetembea.

Sasa nishuke chini zaidi, kwenye ngazi ambayo wala TANROADS wala gazeti haliioni. Ni ile njia ya mita mia moja au mia mbili kati ya mtaa na mtaa. Kichochoro cha kwenda zahanati. Mahali pa kuvukia kijito. Hizi hazimo kwenye mipango mikubwa. Mipango kabambe ya jiji ilitengenezwa mwaka 1949, 1968 na 1979, na yote ilikuwa na michoro mizuri, nimeiona kwa macho. Watu walijenga kwa kasi kuliko michoro. Pale ambapo njia zilitangulia nyumba, matunda yake tunayala hadi leo. Nendeni Sinza. Sinza ilipimwa viwanja miaka ya 1970 katika ule mradi wa viwanja na huduma uliosaidiwa na Benki ya Dunia, njia zikachorwa kabla ya nyumba. Leo Sinza imejaa baa na maduka, majengo yamebadilika kabisa, lakini gari la zimamoto linafika. Kuna mitaa mingi humu jijini ambako nyumba ni nzuri kuliko za Sinza, zina vigae na geti la umeme, na jeneza linatolewa likiwa limeinuliwa wima kwa sababu kichochoro kina kona.

Nimefika kwenye kosa letu.

Parokia yetu iko upande wa magharibi wa jiji, kati ya Barabara ya Morogoro na Barabara ya Nyerere, kwenye mteremko unaoshuka hadi kijito kimojawapo kinachoingia Mto Msimbazi. Sitaitaja jina, ila wenyewe wapo humu na wanacheka. Tulipopata kiwanja kile kilikuwa wazi. Watu wa bondeni walipita katikati yake kwenda kituo cha daladala. Watoto wa shule walipita, wauza maandazi walipita, waumini na wasio waumini. Hakuna aliyewahi kuwapa ruhusa na hakuna aliyewazuia. Ilikuwa njia.

Mwaka 2009 vyombo vya kwaya viliibwa. Kinanda, spika mbili na betri ya sola. Kwaya ilikuwa imechangisha miaka miwili kuvinunua, na uchungu ulikuwa mkubwa. Kamati ilikaa, na mimi nikiwemo, tukaamua kujenga ukuta. Nilichora mimi. Nilipima mimi. Ukuta wa tofali za inchi sita, urefu wa mita mia moja na arobaini upande wa kusini, na vipande vya chupa juu yake. Nakumbuka siku ya kuubariki tulipigiwa makofi. Hakuna mjumbe hata mmoja, pamoja na mimi niliyeshinda maisha yangu barabarani, aliyeuliza wale watu wa bondeni watapita wapi.

Walizunguka. Kwa mtu mzima ilikuwa kama nusu saa zaidi kwa mguu, kupitia daraja la magogo lililokuwa chini kwenye kijito. Walikuja kulalamika. Bibi mmoja mzee alisimama kwenye kikao cha jumuiya akasema, "Wanangu, ninyi mmejikinga na mwizi kwa ukuta. Sisi mmetuacha nje pamoja naye." Tulimjibu kwa heshima, tukamwambia, "Tumekusikia, Bibi, kamati itakaa." Kamati ikakaa, ikaweka mlango wa chuma. Mlango ulifunguliwa asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni, na ufunguo ulikaa kwa mlinzi. Tukaona tumemaliza.

Mnakumbuka mvua za Desemba 2011. Wengine wenu mlipoteza ndugu. Zaidi ya watu arobaini walikufa katika jiji hili, na baadaye familia nyingi zilipelekwa Mabwepande. Kwetu kijito kilipanda usiku. Daraja la magogo lilikwenda na maji. Watu walioamka na maji yakiwa magotini walikuwa na upande mmoja tu wa kukimbilia, upande wa juu, na upande wa juu ulikuwa na ukuta wetu. Mlango ulifungwa kwa kufuli. Mlinzi alikuwa amekwenda kuangalia familia yake mwenyewe, na nani angemlaumu. Wanaume wakachukua nyundo na mtaimbo wakatoboa ukuta. Wakapitisha watoto kwanza, kisha wazee, kisha magodoro. Kwa neema ya Mungu hakufa mtu pale kwetu. Kulipokucha ukumbi wa parokia ulikuwa na watu wamelala hadi kwenye ngazi za altare ya nje.

Wiki mbili baadaye tulifanya kikao, na agenda ya tatu ilikuwa hii: "Uharibifu wa ukuta na gharama za matengenezo." Mjumbe mmoja alipendekeza waliotoboa wachangie. Mimi nilikaa kimya, na kukaa kimya kule ndiko kunakoniletea aibu hadi leo. Baba Paroko alifunika daftari lake akasema hoja hiyo haitaandikwa kwenye kumbukumbu. Tukaondoka.

Lile tundu likabaki miaka miwili. Watu walipita. Katika miaka hiyo miwili kilichoibwa parokiani ni toroli moja, na hata hilo tunashuku lilichukuliwa na fundi tuliyekuwa tunamdai.

Mwaka 2014 ndipo tulipoamua jambo lililopaswa kufanyika mwanzo. Tulikubaliana kuurudisha ukuta ndani mita nne kwa urefu wake wote, na kuomba majirani watano wa upande wa pili watoe mita moja kila mmoja, ili ipatikane njia ya mita tano. Kwa wasio mafundi nieleze kwamba njia ya mita nne gari linapita, ila likikutana na mkokoteni mmoja lazima arudi nyuma. Kwa mita tano wanapishana kwa kusalimiana. Mita sita ingekuwa bora, lakini mita sita ingebomoa nyumba ya mtu.

Ardhi ya kanisa si ya kamati wala si ya paroko. Iko chini ya wadhamini, kwa hiyo barua ilibidi iende jimboni na kurudi, na ilichukua miezi minane. Msikasirikie miezi hiyo. Tuliitumia kwa majirani, na majirani walikuwa wagumu kuliko jimbo.

Lazima mwelewe hofu yao. Mkazi wa jiji hili akisikia neno barabara, anasikia bomoabomoa. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara, na alama za X zikapakwa kwenye kuta nyingi. Baadaye, mwaka 2017, tuliona nyumba zikianguka Kimara hadi kuelekea Kibaha ili Barabara ya Morogoro ipanuliwe. Sasa ukienda kwa mama mjane mwenye vyumba vitatu vya kupangisha ukamwambia "tunaomba mita moja ya barabara," yeye anahesabu vyumba. Tulijifunza kutokwenda na karatasi. Tulikwenda na kamba na vigingi vinne, tukamwonyesha kwa macho kwamba kinachochukuliwa ni minyaa na sehemu ya kuanikia. Wanne walikubali. Mmoja akakataa katakata.

Tulimwita mkorofi. Tulimtuma mwenyekiti wa mtaa, akakataa. Tukamtuma katekista, akakataa kwa upole zaidi. Siku moja nilikwenda peke yangu, nikaketi naye kwenye benchi, nikamwuliza, "Mzee mwenzangu, tatizo hasa ni nini?" Akanionyesha. Shimo lake la choo lilikuwa ndani ya ile mita moja. Tukichukua mita moja, yeye na wapangaji wake kumi na mmoja wanabaki bila choo. Alikuwa anaona haya kusema hivyo mbele ya wajumbe.

Hapa nawageukia wafadhili wetu, na naomba mnisikilize kwa moyo ule ule mliokuja nao. Wakati ule tulikuwa na fedha. Shirika moja rafiki lilikuwa limetupatia msaada kwa ajili ya barabara ya mtaa. Bajeti ilikuwa na kifungu cha changarawe, kifungu cha kukodi greda, kifungu cha semina ya uhamasishaji na kifungu cha kibao. Hakukuwa na kifungu cha choo cha jirani. Tuliandika kuomba kuhamisha sehemu ndogo ya fedha. Jibu lilikuja la adabu kabisa, kwamba vyoo viko chini ya programu nyingine ambayo haikuwa inafanya kazi katika eneo letu. Kwa hiyo tulikuwa na changarawe ya barabara ambayo haina mahali pa kupita, kwa sababu ya shimo moja. Mwishoni wanawake wa parokia waliuza chakula Jumapili tatu mfululizo, na vijana wakachimba. Choo kipya kilijengwa upande wa pili wa kiwanja, kikiwa bora kuliko cha zamani. Yule mzee mwenyewe ndiye aliyeng'oa kigingi cha mpaka na kukisogeza. Barabara ile imejengwa na choo. Changarawe ilikuja baadaye.

Na ilipokuja tulikosea tena. Ripoti ya mradi ilitakiwa kufika kabla ya mwaka wa fedha wa wafadhili kufungwa, na picha ya barabara ilitakiwa kuwemo. Tukamwaga changarawe mwezi Machi. Nilisema tusubiri. Nilisema mara moja, kwa sauti ya mtu asiyetaka kuonekana mkaidi. Masika ilianza, na kufikia Mei changarawe yetu ilikuwa kijitoni. Picha ilipendeza sana lakini.

Kwa hiyo naomba niseme kidogo juu ya maji, maana ndiko kazi yangu iliko. Barabara ya changarawe haiuawi na magari. Inauawa na maji. Kila mita moja ya upana kutoka katikati kwenda pembeni lazima ishuke sentimita nne hadi tano, ili barabara iwe na mgongo kama wa ng'ombe na maji yasilale juu yake. Pembeni uwepo mfereji, na mfereji uwe na mahali pa kumwaga maji, si mlangoni kwa mtu. Pale maji yanapokatiza, weka kalavati, na bomba lake lisipungue sentimita sitini, kwa sababu dogo kuliko hapo linazibwa na mifuko na matawi ndani ya msimu mmoja na hakuna mtu anayeweza kulizibua. Kwenye mteremko mkali mfereji ujengwe kwa mawe, la sivyo utageuka korongo. Ukiwa na fedha kidogo, anza na mfereji na kalavati. Barabara ya udongo yenye mfereji itapitika. Ya changarawe bila mfereji ni mto wa muda.

Hata barabara za fedha nyingi hazikwepi sheria hiyo. Jangwani ni bonde la Msimbazi, na Msimbazi ukijaa barabara ya Morogoro hufungwa na mabasi ya mwendokasi husimama, kama ilivyotokea Aprili 2018 na miaka mingine. Ndiyo maana Mradi wa Bonde la Msimbazi, uliopata mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 2022, umeweka daraja jipya la Jangwani ndani yake. Sisi wa mitaa ya juu tunahusika, maana mchanga na takataka zinazoinua kitanda cha mto pale Jangwani zinatoka kwetu. Changarawe yetu ya mwaka ule imo.

Tulirudia kazi mwaka uliofuata, safari hii kwa utaratibu wa mifereji kwanza. Hatukubuni kitu kipya. Miaka ya 1990 wakazi wa Hanna Nassif, Kinondoni, mtaa uliokuwa unazama kila masika, walikubaliana kujenga mifereji ya maji ya mvua na njia za changarawe kwa kazi ya mikono yao wenyewe, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani na wengine. Walichagua kamati, wakaingia mkataba wa kazi kama mkandarasi, na wakazi, wanawake kwa wanaume, wakalipwa kwa kuchimba na kujenga. Nilipelekwa pale kikazi nikiwa bado kijana kiasi, na nilirudi nikidharau, nikisema bila greda hakuna barabara. Naona sasa kwamba mtu aliyechimba mfereji kwa mikono yake huwa mkali sana kwa jirani anayetupa taka ndani yake. Greda halina ukali huo.

Ndugu wajumbe, wengi wenu mitaa yenu imo katika urasimishaji wa makazi au itaingia. Hapa naomba mchukue kalamu. Mtakapoona wapimaji wanapita, ujueni ndio wakati wenyewe. Kwanza kunatengenezwa mchoro wa mipangomiji, unaoonyesha njia. Mchoro hubandikwa au huonyeshwa kwa wakazi. Baada ya kupitishwa, vinawekwa vigingi vya mawe, vile tunavyoviita bikoni, na hati zinatolewa kwa kufuata bikoni. Kabla ya bikoni, njia ya mita tano inapatikana kwa maneno mazuri na soda. Baada ya bikoni inapatikana kwa mahakama na fidia. Kwa hiyo siku mchoro unapoonyeshwa, kamati nzima iende, tena iende na watu wa bondeni, na mama wanaouza asubuhi, na waendesha bodaboda, kwa sababu wao ndio wanaojua watu wanapita wapi. Wenye magari hawajui.

Na msitoe njia kwa mdomo. Paroko atahamishwa, mwenyekiti wa mtaa atashindwa uchaguzi, jirani atauza nyumba. Mkikubaliana, iandikwe, ichorwe, isainiwe na wahusika wote na serikali ya mtaa, na nakala ipelekwe manispaa. Sheria ya Ardhi ya 1999 inatambua haki ya kupita katika ardhi ya mwingine, na wadhamini wa jimbo wanaweza kuitoa kwa maandishi. Barabara ikishatambuliwa hivyo, mnaweza kuiombea matengenezo TARURA, ambayo tangu 2017 ndiyo yenye dhamana ya barabara za mijini na vijijini zisizo za TANROADS. Kichochoro ambacho hakimo kwenye ramani ya mtu yeyote hakiwezi kuombewa kitu.

Kwa wafadhili nina ombi moja, na nimekwisha kulieleza kwa njia ya choo. Acheni fungu dogo lisilo na jina katika kila mradi wa njia, kamati iweze kulitumia kwa kile kizuizi ambacho hakuna aliyekijua wakati andiko linaandikwa. Mtudai hesabu hadi shilingi ya mwisho. Na tarehe za ripoti zifuate masika, si masika kufuata ripoti.

Nimalizie na hali ilivyo sasa. Njia yetu ya mita mia moja na arobaini inapitika mwaka mzima. Bajaji zinashuka hadi karibu na kijito, na asubuhi ukisimama pale ukutani utahesabu watoto wa shule hadi uchoke. Ukuta upo, na vyombo vya kwaya vipo. Lakini njia inaishia kwenye maji. Daraja la magogo lililobebwa na mafuriko ya 2011 halijapata mbadala wa kudumu. Kuna mbao zilizofungwa kwa waya, na kila masika zinakwenda. Ng'ambo ya kijito kuna mtaa mwingine na zahanati, na kutoka pale hadi barabara ya lami upande wa Nyerere si mbali. Tukipata kivuko cha miguu cha zege, tutakuwa tumeunganisha pande mbili ambazo hadi leo zinasalimiana kwa kupaziana sauti.

Vibali havijawa tatizo kubwa kama tulivyoogopa. Kwa kuwa Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita sitini za mto, tumelazimika kuandika kwa NEMC na kwa ofisi ya Bonde la Wami/Ruvu, na mazungumzo yanaendelea. Tatizo ni kiwanja kimoja cha ng'ambo, mahali pekee ambapo ukingo ni mgumu na nguzo inaweza kusimama. Mwenye kiwanja amekataa mara mbili. Wajumbe wenzangu wameanza kumwita mkorofi. Tunakwenda kwake tena Jumamosi saa tatu asubuhi, watu wawili tu, bila karatasi, na safari hii tumemwomba yule mzee wa choo aje nasi.